Mstari wa Kwanza wa Staha

Koti la Gwamaka Mwalusanya lililetwa mezani kwangu Jumanne asubuhi, limekunjwa vizuri kama nguo ya kwenda nayo kanisani. Aliyelikunja ni Bupe, dereva wa gari la staha, lile linalochukua maiti visimani, mwanamke asiye na maneno mengi. Badala ya kuondoka alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni, nami nikamwuliza kama kuna jambo. Akasema kwamba katika kazi hii amewahi kubeba maiti mbili kabla ya huyu, na zote alizikuta zimelala. Huyu wa jana alimkuta amekaa.

"Amekaaje?"

"Amekaa, Inginia Tusekile. Ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, taa ya kofia ameizima. Mtu aliyekufa papo hapo hazimi taa."

Alipoondoka nilikaa kitambo bila kuligusa lile koti. Nina miaka hamsini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo nimeandika msimbo wa kompyuta za visima vya mvuke hapa mlimani Rungwe. Sipendi watu wanaoniletea mambo nisiyoweza kuyarudisha.

Taarifa rasmi ya kifo cha Gwamaka niliisoma tangu jana jioni. Kwenye nafasi ya jina palikuwa patupu. Mahali, patupu. Saa, patupu. Chini yake kulikuwa na vitu viwili tu vilivyojazwa: mpokeaji, Asajile Mwakalinga, mjomba wa marehemu, na ujumbe, "Tafadhali fika nyumbani kwa Gwamaka, ukae na mama yake." Ofisini walijaza zile nafasi tupu kwa mkono. Waliandika kwamba alifariki papo hapo, saa saba na dakika kumi na mbili mchana, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo ujumbe ulitoka. Mimi mwenyewe niliona ni sawa.

Nikachomeka waya kwenye ukosi wa koti na kufungua kumbukumbu zake. Saa saba na dakika kumi na mbili: hewa nzito, mapigo kumi na tisa. Koti limeamua kwamba mvaaji hayupo tena. Staha imetupwa. Staha imedakwa na mpokeaji. Shauri limefungwa. Hapo ndipo kumbukumbu ya mtu aliyekufa huishia, na mkono wangu ulikuwa umeshakwenda kuchomoa waya.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Saa saba na dakika arobaini: mapigo arobaini na nne.

* * *

Kwa asiyeijua kazi yetu, mambo yako hivi.

Mtu wa visimani hufanya kazi peke yake. Visima ni sitini, korido za chini ni ndefu, na msimamizi wa kila mmoja ni koti alilovaa. Koti linapima moyo, joto na hewa, na likiona shida linaunda kitu tunachokiita dharura, kisha linakitupa juu ili wa juu akidake. Dharura zina aina nyingi: ya joto, ya hewa, ya shinikizo la bomba. Zote zimezaliwa na aina moja ambayo ni mama yao, inayoitwa Dharura basi, bila jina la pili.

Kile kipande cha msimbo kinachoendeshwa wakati dharura inaundwa tunakiita kijenzi. Kijenzi cha mama kinajaza jina la mvaaji, mahali alipo na saa. Kinawasha taa kwenye ubao wa waokoaji. Kinafungua milango ya korido, ambayo hujifunga yenyewe mara nyingi kwa siku hewa inapochafuka na haifunguki kwa mkono wa aliye ndani. Mwisho, kinatangaza habari kwenye bangili za mawasiliano wanazovaa ndugu zake wote, kwa wakati mmoja.

Aina mtoto isiyo na kijenzi chake hurithi cha mama yake chote. Lakini ukiiandikia kijenzi chake, hata cha mistari miwili, cha mama hakiendeshwi tena mpaka mtoto akiite. Ni mstari mmoja, na huwa wa kwanza: mama aundwe, ndipo mtoto aongeze ya kwake. Tunalifundisha hili wiki ya pili. Nimelifundisha mimi kwa watu zaidi ya mia, na katika mtihani wangu halikosi swali. Anayeusahau mstari ule, mimi humkata alama kumi na kumwandikia maneno makali kwa wino mwekundu.

Staha niliiandika bila mstari ule. Sikuusahau. Niliuacha kwa makusudi, na nilipongezwa.

Miaka tisa iliyopita alikufa mtu aitwaye Ambokile kwenye kisima cha nne. Mke wake alikuwa mwalimu, yupo darasani, chaki mkononi. Bangili yake ikasoma kwa sauti mbele ya watoto arobaini: jina la mumewe, namba ya kisima, saa na dakika, mapigo sifuri. Yule mama hakuingia tena darasani maisha yake yote. Wiki iliyofuata wazee wanne walikuja ofisini kwetu, wakakaa kwenye viti vya mapokezi tangu asubuhi na wakakataa chai. Walisema kwamba huku kwetu habari ya msiba haimwangukii mtu akiwa peke yake mbele za watu. Hupelekwa kwa ndugu mmoja mwenye moyo. Huyo humrudisha mfiwa nyumbani, watu hujaa, kisha ndipo hutamkwa. Wakauliza ni nani aliyeilea mashine yetu.

Niliona aibu, maana mimi ni mtoto wa hukuhuku. Habari ya baba yangu niliipata hivyo. Binamu yangu alikuja chuoni akasema mzee anaumwa, tukasafiri siku nzima hadi Tukuyu, na njia yote alikuwa ameushika mfuko wangu. Alikuwa anajua. Nilipoona turubai uani nikaelewa, na tayari nilikuwa mikononi mwa shangazi zangu. Mpaka leo namshukuru kwa ule uongo.

Basi nikakaa na kuandika aina mpya, kwa ajili ya mtu ambaye koti limeona hayupo tena. Nikaiita Staha. Kijenzi chake kilikuwa na mistari miwili tu: mpokeaji na ujumbe wa upole. Mstari wa kumwita mama niliuacha kwa sababu ndio uliokuwa ukipiga kelele. Mlango, taa ya waokoaji, mahali na saa vyote vilikuwa ndani ya kijenzi kilekile, na nilijua vimo. Nikajiambia marehemu hahitaji mlango. Baadaye gari la staha humfuata kwa namba ya koti lake, jioni, mpokeaji akishathibitisha kwamba nyumbani wamekusanyika.

Kwa miaka tisa koti liliamua mara mbili kwamba mvaaji hayupo, na mara zote mbili lilikuwa sahihi.

* * *

Shauri likishafungwa, sauti ya mvaaji haina pa kwenda. Hubaki ndani ya koti. Ya Gwamaka ilikuwa imebaki humo, vipande saba.

Watu wa visimani hufundishwa jambo moja mpaka waliote: ukipata shida sema jina, mahali na saa, kila nusu saa, utulivu, usipoteze pumzi. Gwamaka alikuwa mwanafunzi mzuri. Kipande cha kwanza sauti yake ilikuwa imekwaruza lakini haina hofu.

"Mimi Gwamaka Mwalusanya. Nipo korido ya pili, kisima namba saba. Saa nane kasoro dakika kumi. Nilizimia, nimeamka. Mlango umefungwa."

Kipande cha pili kilikuwa hivyohivyo, saa tu imesogea. Katika cha tatu aliongeza kwamba hewa inarudi kidogokidogo kwa chini, kwa hiyo amekaa juu ya boksi la vifaa. Katika cha nne alisema kama ubao wao umeharibika, mjomba Asajile aitwe, yeye anaijua njia ya pembeni. Cha tano nilikisikiliza nimeziba uso kwa viganja. Katika cha sita alisema jina, mahali na saa, akanyamaza, kisha akasema, "Mwambieni mama nimekula." Cha saba kilikuwa kifupi.

"Mimi Gwamaka. Nipo hapahapa. Saa sijui."

Mapigo yalikoma saa kumi na moja na dakika tano. Nililia kwa sauti pale mezani, mlango wazi, na walionisikia hawakuingia.

Mchana nilikwenda kwa meneja wetu, Bwana Lwitiko, nikamsimulia yote nikiwa nimesimama. Si mtu mbaya. Aliagiza mlango ufungwe, akasikiliza vipande viwili na hakutaka cha tatu. Nikamwambia mstari ule lazima urudi leo, maana kuna watu mia moja na kumi na tisa chini wamevaa makoti yenye Staha ileile. Akanikumbusha sheria, ingawa ninaijua kuliko yeye. Msimbo wa uhai haubadilishwi bila sababu iliyoandikwa, na sababu hiyo lazima isainiwe na mzazi au mwenzi wa aliyeathirika. Makoti yenyewe hukataa msimbo usio na saini hiyo. Kama Gwamaka alikufa papo hapo, hakuna sababu. Kama aliishi saa nne akiita, sababu ipo, na wa kuisaini ni mama yake.

Akashauri tungoje marekebisho ya mwaka, mwezi wa tatu, ambayo hayadai saini ya mtu. Ilikuwa bado miezi saba. Angewaonya wafanyakazi watembee wawili wawili, angeongeza vipimo vya hewa. Kisha akasema jambo lililonikaa rohoni.

"Inginia, wewe ndiye uliyetufundisha staha. Yule mama ameambiwa mwanawe hakuteseka. Ndicho kitu pekee alichonacho wiki hii. Unataka ukamnyang'anye?"

Nilirudi kwangu nimelibeba koti kwapani, na ninakiri kwamba njiani nilihesabu ile miezi saba nikaiona si mirefu.

* * *

Jumatano tulizika. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya kwetu isiyoondoka, na uwanja wa Mwalusanya ulijaa mpaka kwenye migomba. Nilisimama nyuma pamoja na watu wa kazini. Waliniheshimu sana pale, na hilo ndilo lilikuwa gumu kulivumilia. Mwanamke mmoja alinishika mkono akanishukuru kwa sababu mashine haikumshtua Mama Gwamaka. Akasema walimkuta akichambua maharage, wakakaa naye kwanza, wakazungumza mambo mengine, mpaka uwanja ulipojaa ndipo kaka yake akamwambia. Hakuna mtu angeweza kufanya vizuri zaidi.

Wasifu wa marehemu ulisomwa na binamu yake mwenye sauti nzuri. Ulianza na wazazi wake, kama kawaida ya wasifu, ukaja kuzaliwa, shule, kipaimara, kazi. Mwisho, mahali ambapo husomwa saa na mahali mtu alipokatia roho, binamu alisema tu kwamba ndugu yetu alitutoka siku ya Jumatatu akiwa kazini. Akakunja karatasi. Mama Gwamaka alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, na hapo akakiinua. Aliitazama ile karatasi ikikunjwa, akawa kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi.

Usiku ule sikulala, na asubuhi nilikuwa nimeshaamua kwenda, ingawa sikuwa nimeamua kusema.

* * *

Nilifuata utaratibu. Alhamisi saa nne nilifika na kumwomba Mzee Asajile tuzungumze pembeni, karibu na uzio wa jiko. Ni mtu wa miaka sitini na minane, mrefu, mabega bado yapo. Nilikuwa nimesahau, au nilitaka kusahau, kwamba kabla ya kustaafu alikuwa mwokoaji wa visimani kwa miaka ishirini na miwili.

Nilimwambia yote kwa sauti ya chini. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye njia ya pembeni aliushika uzio.

Akanieleza ya upande wake. Bangili ilipompa ujumbe, jambo la kwanza alilouliza ni wapi. Bangili ikamwonyesha nafasi tupu. Akauliza saa ngapi, tupu vilevile. Katika miaka yake yote ya kazi, mtu mwenye shida alikuwa na mahali. Kwa hiyo alielewa kwamba mpwa wake hana tena mahali pa kufuatwa, akafanya kama mpokeaji anavyotakiwa. Alikwenda kwa dada yake. Alikusanya vijana, akaazima turubai, akapigilia vigingi yeye mwenyewe. Alimaliza vigingi kama saa kumi.

"Toka hapa mpaka kisima cha saba ni dakika ishirini na tano kwa miguu," alisema. "Ile njia ya pembeni niliichimba mimi."

Kisha akaniomba nisimwambie dada yake. Hakuwa anajitetea. Alisema mpokeaji kazi yake ni kupokea, na hili pia amelipokea. Angelibeba yeye mpaka kaburini, mimi nirudi nikasubiri huo mwezi wa tatu. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Nilimhurumia kiasi kwamba nilishafungua mdomo kukubali.

Ndani ya nyumba sauti ya Mama Gwamaka ikauliza mgeni gani huyo anayewekwa nje kwenye baridi.

Nikaingia. Alikuwa ameketi mkekani pamoja na wanawake watano, ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Nilipomwona amekaa hivyo nilitaka kugeuka. Nikampa pole, nikaketi, nikaletewa chai, nikanywa kidogo kwa adabu. Tulizungumza juu ya mvua. Kisha akaweka kikombe chake chini.

"Wasifu wa mwanangu hauna saa," alisema. "Wa baba yake ulikuwa na saa. Wewe ndiye mwenye mashine. Alikufa saa ngapi?"

Saa saba. Lilikuwa neno dogo tu, na watu wote mle ndani wangeshukuru. Mzee Asajile alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

"Saa kumi na moja na dakika tano jioni, Mama Gwamaka."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu.

"Asajile alifika hapa saa nane."

"Ndiyo."

Nikamwambia, na sikuizungusha. Nilisema mlango ulikuwa umefungwa, na kwamba kuna mstari mmoja ambao ungeufungua na kumwambia kaka yake mahali pa kwenda. Nikasema mstari huo niliuacha mimi miaka tisa iliyopita, kwa mkono wangu, na si mashine. Mwanamke mmoja alianza kulia na mwenzake akamnyamazisha. Mama Gwamaka aliuliza kama kuna sauti. Nikasema ipo. Mzee Asajile akasema, "Dada, usisikilize," naye akamjibu bila kumtazama kwamba aketi.

Nililitandika koti mkekani, nikazifungulia zile sauti zote saba. Walimshika mikono kulia na kushoto. Aliposikia jina lake likitajwa, Mzee Asajile alikaa chini pale mlangoni, juu ya sakafu. Ilipofika ile ya sita, mwanawe aliposema mwambieni mama nimekula, yeye aliitikia taratibu, "Haya, baba." Ya saba ikaisha. Maji ya chai yalikuwa yanachemka jikoni na mtu akaenda kuyaepua.

Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari kwa hilo, na pengine nililitaka, ningeondoka nimeadhibiwa na mambo yakaisha. Badala yake aliuliza watu wangapi wamevaa makoti haya leo.

"Mia moja na kumi na tisa."

"Yana huo mstari?"

"Hayana."

"Na wewe umekaa hapa unakunywa chai yangu."

Nikamweleza habari ya saini. Nikamweleza pia lile jingine, kwa sababu sikutaka kumficha tena kitu: mstari huu ukirudi leo, na kelele zitarudi nao. Kuvitenganisha, mlango ufunguke na waokoaji waende bila habari kuwaangukia ndugu, inawezekana, lakini ni kazi ya miezi miwili na majaribio yake. Mpaka hapo mtu akifa, mkewe ataambiwa akiwa sokoni, akiwa barabarani, akiwa peke yake. Nikamkumbusha mke wa Ambokile.

Mama Gwamaka alimjua. Walisoma naye. Aliulainisha ukosi wa koti kwa kidole gumba kama anavyofanya mtu anayetafuta doa.

"Mimi nilishikwa mikono," alisema. "Walinikalisha, walinizunguka, waliniletea uji. Na mwanangu saa ileile hakuwa na wa kumshika. Waache wapige kelele. Nikianguka, wataniinua. Leta nisaini."

Aliweka kidole chake kwenye kioo cha mashine yangu. Niliandika sababu mbele yake, nikaisoma kwa sauti: Gwamaka Mwalusanya aliishi saa nne baada ya koti kuamua hayupo, akaita mara saba, hakuna aliyemdaka, kwa sababu kijenzi cha Staha hakikumwita mama yake. Akanirekebisha mahali pamoja. Alitaka jina langu liwemo. Nikaliweka.

Kisha nikauandika mstari wenyewe. Una maneno matatu. Niliwahi kuwakata alama watu wengi kwa ajili ya maneno hayo matatu, nami nikakosea neno la pili, nikafuta, nikaandika tena.

Lilibaki jaribio. Sheria inataka dharura ileile itupwe upya kutoka koti lilelile kabla makoti mengine hayajapokea. Nikamweleza Mama Gwamaka kwamba itasikika hapa, kwenye kila bangili ya ndugu, pamoja na yake. Nikamwambia ninaweza kulipeleka koti mbali kidogo, chini kwenye migomba, au nirudi nalo kazini.

"Tupa," alisema.

Nikatupa.

Bangili zote za ile nyumba zililia kwa pamoja: ya kwake, za wanawake mkekani, za waliokuwa wakiosha vyombo uani, za vijana kwenye turubai. Sauti ilikuwa moja, kavu, haina pole yoyote. "Gwamaka Mwalusanya. Korido ya pili, kisima namba saba. Saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Mapigo kumi na tisa. Anahitaji msaada. Mlango unafunguliwa." Kutoka upande wa mlima kikafuata king'ora cha waokoaji, mbali, chembamba ndani ya mvua.

Mama Gwamaka hakuanguka. Alikuwa ameiinua bangili mpaka sikioni, na midomo yake ilikuwa inarudia maneno, jina, mahali, saa, mpaka yakaisha.

Mzee Asajile hakuwa tena sakafuni. Alikuwa ameinama nje ya mlango, akitafuta viatu vyake kati ya viatu vya waombolezaji, haraka, kwa mikono miwili. Alivipata. Alikuwa ameshavaa kimoja na kufunga kamba zake ndipo akakumbuka, akabaki ameinama vilevile na kiatu cha pili mkononi. Mimi nilitazama chini.

"Vaa na hicho kingine," dada yake alimwambia kutoka mkekani. "Uende ukaone kama kweli unafunguka."

Akavaa. Nilipeleka ule mstari kwa makoti mia moja na kumi na tisa, nikangoja mpaka la mwisho likajibu, kisha nikalichukua koti la Gwamaka na kumfuata. Alikwenda mbele yangu kwa njia ya pembeni bila kuzungumza, na sikuweza kumshawishi apunguze mwendo. Tulitembea dakika ishirini na nne. Mlango ulikuwa wazi.